Shemeji alivyoalikwa na kompyuta

Anayesema Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows) haina drama hajakaa saiba ya Kibokoni, Mombasa, msimu wa harusi. Mashine zetu pale kuukuu, tumezitilia Xfce, ile sura ya madirisha na menyu juu ya Linux, kwa vile ni nyepesi, na mimi naipenda wallahi, ila hao wanaochora madirisha yake kuna siku nitawatumia bili. Ule ukingo wa dirisha kwanza, themu nyingi umekonda mpaka pikseli moja, mteja akitaka kulivuta likue anaiwinda kona na mausi mpaka jasho lamtoka (eti ushike Alt na kitufe cha kulia, haya mwambie mzee wa watu). Halafu kuna ile ya gurudumu la mausi, ukiweka mshale kwenye utepe wa juu wenye jina la faili ukasokota kwenda mbele, dirisha lote lajikunja kama mkeka, wabaki utepe peke yake. Na hiyo yaja imewashwa, hukuiomba.

Tena si madirisha yote. Toleo la 4.16 la Xfce, Desemba 2020, walianza kuiga mambo ya GNOME, sura nyingine ya Linux, madirisha ya setingi yakapigwa kichwa kinene chenye vitufe ndani, na hayo ukisokota hayatingishiki. Kwa hivo mashine moja, dirisha hili lakunjika, lile lakukodolea tu macho. Na afadhali sisi, wa Ubuntu, aina moja ya Linux, walihamishiwa vitufe vya kufungia kushoto 2010, wakarudishiwa kulia 2017.

Sasa mzee mmoja wa mtaani aja kupiga orodha ya waalikwa wa harusi ya bintiye kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia. Kakaa pale muda, kidole kimoja kimoja, mwisho kapiga jina la shemeji yake akalifuta, maana walikosana kwa ajili ya injini ya mashua na hawasemezani. Akalifuta kwa raha kabisa, akaniita nione. Mimi huyo nikatoka kufuata mahamri hapo kona.

Huku nyuma ataka kurudi juu ya orodha ahesabu majina, mshale uko kwenye utepe, akasokota. Orodha ikapotea.

"Yallah! Karatasi i wapi? Haki ya Mungu sikugusa kitu!"

Watu wakajaa, wewe wajua mtaa wetu. Mmoja asema mzee kafuta, mwengine asema kaibiwa na watu wa mtandao, muuza kahawa kaweka dele chini kabisa aje atoe rai yake, na rai yenyewe ni kuwa hiyo ni virusi na virusi dawa yake ni kuchomoa waya. Nami ndo naingia mlangoni mahamri mkononi, nasema ngoja ngoja ngo... kashachomoa.

Kusokota tu kurudi nyuma, ingeshuka yote, nukta hata haijapotea!

Tukawasha. LibreOffice ikauliza tuirejeshe faili, tukasema ndio mama rejesha, na majina haya hapa, watu wakashangilia, mzee akanipa na ya soda. Lakini ile kitu yajihifadhia kila baada ya dakika 10 usipoibadilisha, sasa iliyorudi ni orodha ya kabla ya mzee kufuta. Hakuna aliyeisoma tena. Tukaprinti, akapewa mpwa wa kusambaza kadi, na huyo mpwa ni wale wa kuambiwa nenda anakwenda.

Siku ya biriani shemeji ndo wa kwanza kufika, kanzu mpya, kaja na watoto wote, amshika mzee mkono kwa nguvu mbele za watu, "Nilijua tu wewe ni muungwana, umeanza wewe." Mzee yuwacheka meno yote nje, macho yanitafuta mimi. Nikajificha nyuma ya masufuria. Akanipata huko huko.

"We kijana, nani kamuandika huyu?"

"Si mimi ami, ni mashine."

"Basi mashine hiyo ikamlipishe injini yangu."