Kalamu ya Ludwig: ilisema kweli kiasi gani?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa kwa vipimo vya mwili. Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, alieleza mwaka 1733 jinsi alivyounganisha mrija wa kioo na ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya farasi, damu ikapanda zaidi ya futi 8. Aliiona ikipanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, lakini mwendo wenyewe ulipita ukaisha.

Mwaka 1847 Carl Ludwig, mtafiti wa utendaji wa mwili, akiwa Marburg, Ujerumani, alitangaza kifaa kilichokuja kuitwa kimografu. Ateri ya mnyama iliunganishwa na mrija wenye umbo la U uliotiwa zebaki. Juu ya zebaki kilikaa kielea kilichobeba kalamu, na kalamu ikachora kwenye karatasi iliyofungwa juu ya silinda inayozunguka kwa mtambo wa saa. Miaka ya baadaye karatasi ilipakwa masizi, ncha ikayakwangua na kuacha mstari mweupe.

Wanaokisifu husema kilileta wakati ndani ya fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, na hapo nakubaliana nao kabisa. Namba moja inakwambia shinikizo la damu ni kiasi gani. Mstari unakuonyesha lilivyopanda, lilivyokawia, lilivyoyumba mnyama alipovuta pumzi.

Lakini mstari huo haukuwa mkweli mtupu. Zebaki ni nzito. Ikishaanza kusogea hukawia kusimama, na pigo la haraka huikuta bado inabembea. Kwa hiyo wastani wa shinikizo uliaminika, ila kilele na bonde la kila wimbi vilipotoka. Mtafiti Adolf Fick alijaribu kuiondoa zebaki kwa kutumia springi mwaka 1864, na mwaka 1903 mtafiti mwingine, Otto Frank, akachambua kwa hesabu jinsi kipimo kinavyochanganya mtikisiko wake na wa damu. Wapo wanaoliona hili kuwa aibu ya kimografu. Mimi naliona kinyume: kosa la jicho la Hales hakuna awezaye kulikagua leo, ila kosa la Ludwig lilibaki kwenye karatasi, likaweza kupimwa na kubishaniwa.

Lawama ninayoshindwa kuifuta ni ya wanyama. Farasi na mbwa walifungwa, wakapasuliwa ateri wakiwa hai, wakati dawa za usingizi ndiyo kwanza zinaanza kutumika. Uingereza ilitunga sheria ya kudhibiti majaribio hayo mwaka 1876. Kusema hapakuwa na njia nyingine ni kweli kwa shinikizo la ndani ya ateri wakati ule. Kwa mapigo si kweli: Mfaransa Étienne-Jules Marey, mwaka 1860, aliweka wenzo mwepesi juu ya kifundo cha mkono wa mtu, nao ukachora pigo baada ya pigo bila kisu kugusa ngozi.