Seli shina hai haziuzwi kwenye pakiti

Mwaka jana mama mdogo aliletewa pakiti za unga nyumbani. Muuzaji, jirani yetu wa miaka mingi, alimwambia ni "seli shina" (stem cells, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), zitautafuta uvimbe kichwani mwake popote ulipo na kuumaliza. Mama mdogo akatoa pesa alizokuwa ameweka kwa ajili ya MRI, kipimo cha kupiga picha ndani ya kichwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba seli zinazoutafuta uvimbe zipo kweli. Mwaka 2000 mtafiti Karen Aboody na wenzake walionyesha, kwa panya, kuwa seli shina za neva zikipandwa kwenye ubongo husafiri kuifuata saratani, hata zikipandwa mbali nayo. Baadaye, katika kituo cha City of Hope huko California, wagonjwa walipandikizwa seli za aina hiyo zilizowekewa jeni ya kimeng'enya ambacho mwili wa binadamu hauna. Siku nne baada ya kupandikizwa, mgonjwa anaanza kumeza flusitosini. Hii ni dawa ya fangasi, ileile madaktari wetu wanayohangaika kuipata kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka. Yenyewe haiui saratani, ila inapenya mpaka ndani ya ubongo, na huko kimeng'enya kinaigeuza kuwa fluorourasili, dawa ya kemo (ya kuua seli za saratani) ya miaka mingi. Sumu inapikwa palepale penye uvimbe, badala ya kuzungushwa mwili mzima. Kwangu huo ni ufundi wa kuvuliwa kofia.

Matokeo ya wagonjwa 15 yalichapishwa mwaka 2017. Swali kuu lilikuwa usalama, na fluorourasili ilipimwa ikakutwa imetengenezwa ndani ya ubongo. Hakuna aliyetangaza kuponya. Aliyetangaza ni jirani yetu.

Na seli hai, ndugu zangu, huhifadhiwa kwenye baridi kali ya naitrojeni ya kimiminika. Haziwezi kukaa kabatini zikiwa unga, na ukizimeza tumbo linazisaga kama nyama nyingine yoyote. Natamani kila muuguzi wa kliniki ya saratani awaambie wagonjwa hivyo, kwa Kiswahili, kabla muuzaji hajawafikia.

MRI tuliichangia ukoo mzima, ikafanyika wiki tisa baadaye. Wiki tisa, kwa uvimbe wa kichwani! Pakiti tatu zimebaki. Nimemwomba mama mdogo asizitupe, nizipeleke TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania.