Kupima maji ya Forodhani si kuifunga bahari

Maji yakijaa alasiri, vijana wa makachu hupanda ukuta wa Forodhani, hukimbia hatua chache na kujirusha baharini. Mgeni hupiga picha, mwenyeji huendelea na urojo wake. Kandokando ya ufukwe huohuo wa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa miaka mingi, mabomba ya zamani yamekuwa yakimwaga majitaka yasiyosafishwa. Si siri. Wanasayansi wa bahari wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, na mkazi wa mitaa ya Shangani au Malindi analijua kwa pua yake, hasa maji yanapokupwa.

Swali linalozua mabishano kila likiguswa ni hili: je, maji hayo yapimwe vijidudu kila wiki, na matokeo yabandikwe palepale ukutani ili kila mtu ayaone?

Wanaokataa hawakatai kwa ujinga. Hoja yao ya kwanza ni fedha. Mgonjwa anayejulikana anaumwa nini, wanasema, hahitaji kupimwa tena, anahitaji dawa. Kila shilingi ya maabara ingeenda kwenye bomba na mtambo wa kusafisha. Hoja ya pili ni muda. Sampuli huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa, huwekwa kwenye barafu, hufikishwa maabara ndani ya saa chache, huchujwa, kisha hukaa kwenye kasha la joto la nyuzi 41 kwa siku nzima kabla bakteria hawajahesabika. Jibu linapotoka, bahari imejaa na kupwa mara mbili. Unamwambia mtu habari za maji yaliyokwisha kwenda zao.

Iko na ya tatu, ya kisayansi, nayo nzito. Bakteria wanaohesabiwa baharini, enterokoki, kwa kawaida sio wanaoleta ugonjwa. Ni dalili tu kwamba kinyesi kimeingia majini. Lakini Roger Fujioka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba katika nchi za joto bakteria hao huishi na hata kuzaliana kwenye udongo, bila bomba wala choo karibu. Mvua ikinyesha, udongo huwapeleka baharini na hesabu hupanda. Hawaii ikalazimika kuongeza kipimo cha bakteria wa aina nyingine, Clostridium perfringens, ili kutofautisha udongo na majitaka. Kwa hiyo anayeogopa kwamba namba itausingizia ufuko haoti ndoto.

Halafu kuna riziki. Wenye boti za kisiwa cha Changuu, wavuvi, wapishi wa Forodhani, wote wanajua habari mbaya inavyosafiri. Waliona mwaka 2024 Paris, baada ya matumizi ya takriban euro bilioni 1.4 kuusafisha mto Seine, ikiahirisha mbio za triathlon za wanaume za Olimpiki, zinazoanza kwa kuogelea, kwa siku moja kwa sababu ya vipimo vilivyofuata mvua. Kama tajiri ameumbuka, sisi je?

Lakini tuziangalie namba zenyewe, maana nadhani hapo ndipo upande wa pili, wa wanaotaka vipimo, unapoeleweka vibaya. Shirika la Afya Duniani liliweka madaraja mwaka 2003 na kuyabakiza katika mwongozo wa 2021. Enterokoki wasiozidi 40 katika mililita 100, kama nusu kikombe cha chai, ndiyo maji mazuri kabisa: hatari ya kuugua tumbo kwa kuoga mara moja ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Kuanzia 41 hadi 200, mtu 1 hadi 5. Kuanzia 201 hadi 500, watu 5 hadi 10. Ikizidi 500, ni zaidi ya watu 10 katika kila 100. Na daraja halitolewi kwa chupa moja. Hutazamwa mfululizo wa sampuli nyingi, na kiwango ni kile ambacho 95 kati ya kila 100 hazikivuki. Ufuko haukosi daraja kwa sababu ya asubuhi moja mbaya.

Madaraja hayo yalitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye majaribio yaliyofanyika katika fukwe nne za Uingereza kati ya 1989 na 1992. Watu wazima wenye afya walijitolea, wakagawanywa kwa kura: hawa waingie majini, hawa wabaki nje. Walioingia walitakiwa kukaa angalau dakika 10 na kuzamisha kichwa mara tatu. Kisha ikafuatiliwa nani anaharisha na nani anatapika.

Kichwa mara tatu! Kijana wa makachu huzamisha kichwa mara tatu kabla hata hajalowa vizuri. Ni mtoto, si mtu mzima. Haogi mara moja kwa likizo. Anaoga leo, kesho na keshokutwa, na anayameza maji kwa kila mruko. Kwenye majaribio yale watoto hawakuwemo kabisa. Namba ya 500, inayoonekana kali mno mezani kwa anayelinda jina la mji, ilipatikana kwa mwili uliokomaa kuliko wa kijana huyu na kwa dakika chache kuliko zake. Sijaona hoja ya riziki wala ya udongo inayojibu hilo.

Tena ni yeye asiye na njia nyingine. Mgeni wa Nungwi au Kiwengwa ana bwawa la hoteli. Mama anayeokota chaza maji yakikupwa hana bwawa, na chaza huchuja maji na kubakiza tumboni mwake yaliyomo majini. Tunapozungumza kana kwamba vipimo ni vya watalii, tunawasahau watu hawa wawili.

Sasa nirudi kwenye hoja ya muda, kwa sababu wanaoileta wana haki nusu. Kipimo cha jana hakimwambii mtu kuhusu leo. Vipimo vya mwaka mzima, vilivyoandikwa saa, hali ya maji na mvua, vinamwambia. Jua la mchana huua bakteria wa kinyesi kwa kasi kwenye maji maangavu. Usiku huishi muda mrefu zaidi. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa huinua na kushusha maji kama mita nne, na maji mafu, ya nusu mwezi, hayasogezi hivyo. Inawezekana kabisa kwamba saa ileile vijana wanayoipenda, alasiri maji yakiwa tele, ndiyo saa iliyo salama kuliko zote, na kwamba hatari iko asubuhi baada ya mvua ya masika. Bila kupima, hakuna wa kuwaambia. Los Angeles haisubiri jibu la maabara mvua inaponyesha. Miaka ya vipimo imewapa kanuni ya kukaa nje ya maji saa 72, basi. Nayo Paris, tangu Julai 2025, msimu wa joto watu wanaoga Seine kwa bendera: mvua ikichafua maji, inapanda nyekundu, kisha wanarudi.

Kuhusu udongo, wataalamu waliokutana Annapolis, Marekani, mwaka 1998 walishauri hesabu ya bakteria isisimame peke yake, iende pamoja na ukaguzi wa vyanzo. Forodhani ukaguzi huo si mgumu. Bomba linaonekana kwa macho. Na kuhusu fedha, anayetaka bomba litengenezwe kwanza bado atahitaji kujua ni lipi, kati ya Malindi na Kilimani, linalomwaga uchafu mwingi unaowafikia waogaji, na baada ya kazi atataka kuthibitisha kwamba fedha zimefanya kilichoahidiwa. Yote mawili huonyeshwa na chupa ileile ya barafu.

Nakubaliana nao kwenye moja: namba peke yake isibandikwe. Mtu akisoma "620" ukutani hajui afanye nini. Ubao uandike saa za kuoga wiki hii na siku za kukaa nje baada ya mvua, kwa Kiswahili, karibu na pale vijana wanapoanzia mbio zao. Na anayejaza chupa anaweza kuwa mmoja wao, akifundishwa. Hakuna anayekijua kina cha pale, na mkondo wake, kuliko wao.