Nilisoma Mikrobiolojia Mtandaoni, na Ninaitetea Njia Hii

Kila ninapotaja kwamba shahada yangu ya uzamili ya mikrobiolojia ya kitabibu na magonjwa ya kuambukiza niliisoma mtandaoni, swali linalofuata nalijua kabla halijaulizwa: "Sasa hao bakteria uliwaonea wapi?"

Niliwaona kazini. Nilikuwa nikishinda nao maabara miaka kadhaa kabla sijajiandikisha, na niliendelea kushinda nao muda wote niliosoma. Nilichopungukiwa ni kitu kingine, na nataka kukieleza kwa kirefu, maana nawaona wenzangu wa maabara na wa wodini wakiiacha fursa hii kwa kuaminishwa tu kwamba vimelea havisomwi mbele ya kompyuta.

Tuanze na mkojo, sampuli isiyokosekana siku hata moja. Unachovya kitanzi cha mikrolita 1, unachora mistari juu ya agari (chakula cha kuoteshea bakteria), sahani inalala kwenye inkubeta, kabati lenye joto. Asubuhi unahesabu. Makoloni, yaani vituta vya bakteria, 100 kwa kitanzi hicho ni sawa na bakteria 100,000 kwa kila mililita, kile kiwango alichokipendekeza Edward Kass miaka ya 1950 na ambacho sisi wa maabara tunakikariri hadi leo. Kwa miaka mingi kazi yangu iliishia hapo. Idadi imefika, ni Escherichia coli, napanga diski za dawa, napima maduara yanayobaki bila bakteria kuzunguka kila diski, naandika dawa ipi inamuua na ipi haimwezi, nasaini, nachukua sampuli inayofuata.

Katika muhula wa kwanza tukapewa kisa. Mzee amelazwa kwa kuvunjika nyonga, ana mpira wa mkojo, hana homa, halalamiki maumivu yoyote ya tumbo, na mkojo wake umeotesha E. coli kwa wingi. Swali: majibu yako utayaandikaje? Nikaandika orodha nzuri ya dawa, kama nilivyozoea. Mwalimu akanirudishia kazi yangu ikiwa na swali moja pembeni: "Mgonjwa huyu anaumwa nini?"

Nilikisoma kile kisa upya mara tatu. Kwa upande wa mkojo, hakuwa anaumwa kitu. Mtu aliyekaa na mpira kwa wiki kadhaa karibu hakosi bakteria; wanakuwa wameshajenga makazi kwenye mpira wenyewe. Bila dalili hatibiwi. Wanaotibiwa hata bila dalili ni wajawazito, na wale wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo utakaochubua utando wa ndani. Ile orodha yangu, iliyopimwa kwa rula milimita kwa milimita, ilikuwa inamshawishi daktari aandike antibiotiki ambayo mzee yule hakuihitaji. Kesho yake niliingia kazini mapema, nikafungua daftari la majibu la wiki ile na kutafuta sampuli zilizotoka kwenye mipira ya mkojo bila maelezo yoyote ya dalili. Nilikuta 11. Zote nilikuwa nimezitolea orodha ya dawa, na zote zilikuwa na saini yangu.

Makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2022 yalieleza kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa na usugu huo. Takwimu hizo nilikuwa nazijua. Sikuwa nimewahi kuziweka meza moja na daftari langu.

Hiki ndicho ninachokitetea. Sehemu ngumu ya mikrobiolojia ya kitabibu ni kupima mambo: huyu aliyeota ndiye anayemuumiza mgonjwa, au ni mpita njia? Nimtaje, au nikimtaja nitasababisha madhara? Uamuzi wa namna hiyo haukomai kwa kufungiwa darasani mwaka mzima. Unakomaa pale unaposoma usiku na kukutana na jambo lile lile asubuhi, likiwa na jina la mgonjwa na namba ya kitanda. Kama ningeacha kazi niende kukaa chuoni, ningerudi na madaftari yaliyojaa. Nilivyosoma, kila somo lilikuwa na mgonjwa wake wa kesho, na mara nyingine wa jana, kama wale 11.

Hata mambo ya mkono nilikuja kuyaelewa vizuri zaidi kwa kuyasoma. Wanaotumia mwongozo wa EUCAST, kamati ya Ulaya ya upimaji wa dawa dhidi ya bakteria, kupima dawa kwa diski wanaijua kanuni ya dakika 15 mara tatu: tumia mchanganyiko wako wa bakteria ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya dakika 15, ingiza sahani kwenye inkubeta ndani ya dakika 15. Niliitii miaka yote kama mtu anavyotii amri ya mkubwa. Mtandaoni ndipo nilipopewa sababu. Ukichelewa kuweka diski, bakteria wanaanza kuota kabla dawa haijafika, duara linapungua, na bakteria anayekufa kwa dawa anaonekana sugu. Ukishaweka diski kisha ukaiacha sahani mezani, dawa inasambaa kabla bakteria hawajaanza kuota, duara linapanuka, na bakteria sugu anaonekana dhaifu. Kosa la pili ndilo linalonitisha, kwa sababu daktari atamwandikia mgonjwa dawa isiyomsaidia akiwa na karatasi yangu mkononi. Tangu nilipolijua hilo sijaacha sahani mezani nikaenda kunywa chai.

Lakini wapo wanaoipinga njia hii, na kuna mahali nakubaliana nao bila kusita. Mkono haufundishwi kwa video.

Chukua rangi ya Gram, inayotenganisha bakteria wanaobaki na urujuani (Gram chanya) na wanaogeuka pinki (Gram hasi), ambayo Hans Christian Gram aliieleza mwaka 1884 akiwa Berlin na ambayo bado ndiyo jibu la kwanza tunalompa daktari anayesubiri. Urujuani, ayodini, kisha kile kiosho cha kuondoa rangi, kisha nyekundu. Kila kitu kiko kwenye kile kiosho. Sekunde chache pungufu na E. coli anabaki na urujuani kana kwamba ni Gram chanya. Sekunde chache zaidi na nimokoki, ambaye ni Gram chanya, anageuka pinki. Tena sekunde zenyewe hazina idadi moja, kwa sababu slaidi nzito ya usaha haifanani na slaidi nyepesi ya maji ya uti wa mgongo. Mimi nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa mkuu wa zamu yetu. Alikuwa anasimama kando ya sinki, saa haiangalii, anaangalia rangi inavyotiririka kwenye ukingo wa slaidi. Inatoka nzito, inatoka nyepesi, inakaribia kuwa maji matupu. "Haya, maji!" Ukichelewa kumwaga maji, anakutupia slaidi na kukuambia uanze upya. Mafunzo ya namna hiyo hayapiti kwenye intaneti, na chuo kinachodai kuyapitisha humo kinadanganya wanafunzi.

Kwa hiyo msimamo wangu una sharti. Shahada hii ya mtandaoni inamfaa mtu ambaye tayari ana meza ya maabara, au wodi, ya kurudi kesho asubuhi. Asiye nayo aitafute kwanza. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimekutana na mhitimu mwenye alama za juu kabisa ambaye hakuwahi kushika kitanzi hata siku moja, na kosa simpi yeye.

Sasa niseme kuhusu wanafunzi wenzangu, maana sikutegemea kwamba nao wangenifundisha kiasi kile. Kisa kimoja cha mtoto mwenye homa ya siku nne tulikijadili kwa maandishi juma zima. Wa kwanza aliwaza malaria, mwingine homa ya matumbo, mwingine maambukizi ya damu kutokana na jipu la mfupa, na kila mmoja alikuwa anaeleza kile anachokiona wodini kwake. Kuna aliyeandika meropenemu kama dawa ya kuanzia. Mwenzake akamjibu kwamba kwao dawa zinazopatikana ni seftriaksoni na jentamaisini, basi tufikiri kwa hizo. Mjadala wote ukageuka. Katika darasa la watu waliotoka hospitali moja, swali hilo lisingeulizwa.

Mjadala mwingine uliotuchosha ulikuwa wa herufi moja. Mwaka 2019 EUCAST walibadilisha maana ya herufi "I" kwenye majibu ya dawa. Zamani ilimaanisha hali ya katikati, kati ya kufa kwa dawa na kuwa sugu, na madaktari wengi walikuwa wakiiona wanaikimbia dawa hiyo. Sasa inamaanisha kwamba dawa inafanya kazi iwapo mgonjwa atapata kiwango kikubwa zaidi. Wenzetu waliokuwa wakifuata mwongozo wa CLSI, taasisi ya Marekani, walibaki na maana ya zamani. Herufi ile ile, wagonjwa wawili, maamuzi mawili tofauti. Vitabu vyangu vyote rafuni vilikuwa bado na maana ya zamani, na mimi nilikuwa nimeitumia maana hiyo muda mrefu baada ya mabadiliko bila mtu kuniambia. Mwongozo wa EUCAST unatolewa upya kila mwaka na mtu yeyote anausoma bure mtandaoni. Somo linalobadilika kwa kasi hiyo linahitaji njia ya kufundisha inayobadilika nalo.

Mwaka wa mwisho, usiku mmoja, nikapigiwa simu na daktari kijana. Chupa moja kati ya nne za damu ya mgonjwa wake ilikuwa imetoa stafilokoki asiye na koagulesi (kimeng'enya cha kugandisha damu), na alitaka kuanza antibiotiki ya vankomaisini. Zamani ningemsomea majibu na kukata simu. Safari hii nilimuuliza: damu ilichukuliwa wapi, ngozi ilisafishwa vipi, ana mpira kwenye mshipa mkubwa, ana vali ya bandia, homa iko wapi sasa hivi? Mpira hana, vali hana, homa imeshuka tangu mchana. Bakteria huyu anaishi kwenye ngozi za watu wote, na katika chupa moja kati ya nne mara nyingi ameingia na sindano. Angekuwa Staphylococcus aureus ningemwambia aanze dawa dakika ile ile, hata kama ni chupa moja tu, na tuanze kutafuta chanzo. Huyu tukakubaliana tuchukue damu upya, sehemu mbili tofauti, mililita 8 mpaka 10 kila chupa. Hadi siku ya 5 chupa zilikuwa hazijaota kitu.

Gharama ya muda isifichwe. Kwa mfumo wa Uingereza, shahada ya uzamili ni krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka mitatu unapata kama saa 12 kila wiki, juu ya kazi, zamu za usiku na familia. Wapo niliowaona wakiacha njiani, nao walikuwa na akili kunizidi. Chuo changu kilipanga vipindi vya moja kwa moja saa ambazo nusu yetu tulikuwa zamu, na kwa mwaka mzima hakikurekodi hata kimoja, hadi tulipoandika barua ya pamoja. Mtihani mmoja intaneti ilikatika zikiwa zimebaki dakika 20 na majibu yangu hayakuhifadhiwa. Nikaurudia miezi minne baadaye. Sijausahau uchungu ule. Kufundisha watu walioko kazini kunataka maandishi yanayoweza kupakuliwa, mijadala isiyohitaji video, na mitihani inayovumilia intaneti mbovu.

Na shahada hii haikufanyi kuwa daktari bingwa. Ubingwa una njia yake. Uingereza, kwa mfano, ni miaka ya mafunzo hospitalini pamoja na mitihani ya Royal College of Pathologists. Anayekuuzia kozi kwa kukuahidi cheo hicho, mkimbie.

Kabla hujalipa ada, waandikie chuo na uwaulize mambo matatu. Nani anasahihisha visa, ni mtu anayepokea simu za wodini mpaka leo au aliyeacha zamani? Maelezo ya masomo yalisahihishwa lini mara ya mwisho, na "I" humo ina maana gani? La tatu ndilo la muhimu kuliko yote: mwanafunzi asiye na maabara mnampeleka wapi akajifunze kwa mkono, na nani atamsimamia huko? Wakikujibu kwamba video zinatosha, tafuta chuo kingine.