Kijiji kilichoikataa televisheni

Mwaka 1975 wakazi wa Igloolik, kijiji cha Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali ya Kanada, walipiga kura kuikataa televisheni. Mwaka 1979 wakaulizwa tena, wakakataa tena. Si kwamba waliogopa mashine. Waliogopa Kiingereza kiingie sebuleni na kukaa humo usiku kucha, watoto wakikikodolea macho. Walikubali mwaka 1983 tu, vipindi vya Kiinuktitut, lugha yao wenyewe, vilipokuwa vimeanza kurushwa.

Katikati ya ubishi huo kijana mmoja, Zacharias Kunuk, alikuwa akichonga vinyago vya mawe laini, kama wale mafundi wetu wa Kisii. Mwaka 1981 alivipeleka Montreal, akaviuza, akarudi na kamera ya video. Yaani alipata kamera kabla kijiji chake hakijapata televisheni! Mwaka 1990 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya filamu ya Isuma, na mwaka 2001 filamu yao ya Atanarjuat aliyoiongoza yeye ikachukua Caméra d'Or, tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji, katika tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kuzungumzwa yote kwa Kiinuktitut.

Tangu hapo Kunuk husifiwa kwamba "anahifadhi lugha". Neno hilo linanikera. Hifadhi ni ya tembo na faru. Nilipoitazama Atanarjuat sikuona lugha iliyozungushiwa uzio. Niliona watu wanasengenyana, wanataniana matusi, wanagombea mke, na mwanamume anatimua mbio uchi juu ya barafu huku wauaji wako nyuma yake. Lugha inayoweza kusengenya haihitaji askari wa wanyamapori. Inahitaji kazi, na Kunuk ameipa kazi.

Kazi hiyo naiona zaidi katika filamu yake ya mwaka 2019, kuhusu mwindaji Noah Piugattuk. Ni mwaka 1961. Mtu wa serikali amekuja kumshawishi ahamie makazi ya kudumu. Sehemu kubwa ni mazungumzo tu, chai ikinywewa juu ya barafu, na mkalimani katikati yao. Mkalimani anapunguza hapa, analainisha pale, na wale wawili wanaendelea kupishana. Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya tafsiri chini ya skrini ili niambulie. Mzee wa Igloolik angekuwa ameshacheka zamani.