Lidude la Seoul na kicheko kilichonikwama

Jana usiku nimeirudia Colossal, ile muvi ya Anne Hathaway ya 2016, shoga yangu kakaa pembeni ananiambia nipunguze makasiriko, "si komedi tu jamani". Komedi tu! Haya.

Stori mnaijua. Gloria mlevi, katimuliwa na bwana'ke, karudi mji wa kwao, sasa kila akikatiza kale kauwanja ka watoto saa 2:05 asubuhi, huko Seoul linaibuka lidude linafanya anachofanya yeye. Akijikuna kichwa na lenyewe linajikuna. Nilicheka, sikatai, na hilo wazo la pombe kuwa dude linalokanyaga watu usiowajua hata majina ni wazo la akili kabisa.

Shida inaanza akidondoka. Kalewa, anawaonyesha washikaji vituko vyake, mara chini puu, na kule watu wanakufa. Halafu? Anaandikiwa samahani kwa Kikorea kwenye karatasi, anaenda kuichora mchangani, imeisha hiyo, tusonge mbele! Maana muvi ina haraka ya kufika kwa Oscar, mshikaji wake wa utotoni, na Oscar akishaanza kumpiga pale uwanjani hatucheki tena, tunatakiwa tukae roho mkononi, ngumi moja moja tunaihesabu. Wa Seoul je? Wao mayowe kwenye TV, wanakimbia, tunabadilisha sini. Huwezi kunichekesha kwa maiti za watu halafu dakika kumi mbele unidai machozi kwa jicho la steringi kuvimba.

Angalia The Host, nayo muvi ya lidude, ya mwongozaji wa Korea Kusini Bong Joon-ho, 2006. Familia inagaagaa sakafuni inamlilia mtoto, inalia mpaka inachekesha, mara anaingia jamaa kavaa gwanda la kujikinga na maambukizi, anateleza, pwaa! Nilicheka huku machozi yananitoka, kwa sababu wanaonichekesha ndio hao hao waliofiwa, hawajawekwa mbali huko kwenye skrini ya mtu.

Jason Sudeikis, huyo aliyecheza Oscar, nampa maua yake, haya. Vile anavyomletea Gloria TV na fenicha kwa tabasamu la ujirani mwema, nywele zilinisimama.

Ila ule mwisho sasa. Gloria kaenda mwenyewe Seoul, kamalizana na Oscar, anaingia baa, mhudumu anamuuliza kama atakunywa kitu, anashusha pumzi. Shoga yangu hoi kwa kicheko. Mimi nawaza tu, nje ya hiyo baa kifusi kimeshazolewa?