Ncha ya pua: gegedu ikatwe au ishonwe?

Mwaka 1887 daktari John Orlando Roe wa Rochester, Marekani, alieleza upasuaji wa kupunguza ncha ya pua fupi iliyobinuka, akipitia ndani ya tundu ili uso usibaki na kovu. Kwa miongo mingi baada yake, kurekebisha ncha kulimaanisha hasa kupunguza. Siku hizi upepo umegeuka: madaktari wengi wanapendelea kuikunja gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbulika inayoipa pua umbo, kwa nyuzi na kuitegemeza kwa kipandikizi, yaani kipande cha gegedu kilichotolewa kwingine mwilini. Nami naelemea huko, ila si kwa moyo mweupe kabisa.

Ncha hushikiliwa na gegedu mbili zilizopinda kama upinde. Daktari Jack Anderson alizifananisha na kigoda cha miguu mitatu: sehemu mbili za katikati zikiungana ni mguu mmoja, na kila ubawa ni mguu wake. Fupisha mguu mmoja, kigoda huinamia upande huo.

Wanaokata wana hoja. Gegedu nene na ngumu haitii uzi kirahisi. Ukipunguza ukingo wake wa juu, ncha husinyaa papo hapo, wala huhitaji kuchokonoa sikio wala ubavu kutafuta kipandikizi. Tatizo huja baadaye. Ngozi inayopona hujikaza juu ya gegedu iliyodhoofishwa, miaka inapita, na mtu anaishia na ncha iliyobanwa kama kwa kibanio, au mabawa ya pua yanayolala kila akivuta pumzi. Ndiyo maana wengi husisitiza kuacha ukanda wa gegedu wenye upana wa milimita 6 hivi.

Uzi una fadhila ambayo kisu hakina: usipopendeza, unafunguliwa pale pale mezani. Lakini uzi hauipi nguvu gegedu laini, na chini ya ngozi nene kazi yake haionekani. Hapo ndipo vipandikizi huingia, kutoka ukuta wa kati wa pua, sikioni au ubavuni, na hapo ndipo watetezi wa njia hii hupunguza sauti. Gegedu ya ubavu huweza kujipinda. Chini ya ngozi nyembamba, kingo za kipandikizi hujichora. Ncha nayo huwa ngumu kama kizibo, haichezi mtu anapocheka. Watetezi hao husema njia yao huihifadhi pua badala ya kuikata, lakini pua iliyosheheni vipandikizi sioni kwa nini iitwe “iliyohifadhiwa”.

Mabishano ya kufungua pua kwa nje au kupitia ndani yamekuzwa mno. Kovu dogo chini ya ncha kwa kawaida hufifia, na daktari huona vizuri anachokishona.

Kwangu, uzi utangulie, kisu kiguse kidogo, na kipandikizi kiwepo pale tu panapokosa nguzo. Ila picha za miezi mitatu zisitumike kama ushahidi wa upande wowote: uvimbe wa ncha ndio wa mwisho kuondoka, na kwa ngozi nene huchukua mwaka mzima au zaidi.